Watchtower: Walipoteza nusu ya bendi, wakatoa albamu ambayo bado inasumbua vichwa

UKISIKIA jina Watchtower, pengine akili inakimbilia lile jarida la Mnara wa Mlinzi, ambalo wenyewe hukubishia hodi nalo Jumamosi asubuhi ukiwa bado na usingizi. Tulia. Hawa si hao. Hii Watchtower ni bendi ya vijana wanne wa jiji la Austin, jimbo la Texas nchini Marekani, walioanza kukwaruza magitaa pamoja mwaka wa 1982. Hawakuja kuhubiri. Walikuja kuhesabu.

Mwaka wa 1989 walitoa albamu yao ya pili, Control and Resistance, yaani udhibiti na ukaidi. Haikuuzwa kama njugu. Hakuna ngoma yake hata moja utakayoisikia kwenye matatu ya Rongai, na DJ akithubutu kuicheza klabuni, watu watamrushia chupa. Lakini uliza mwanamuziki yeyote anayejua historia ya roki nzito, atakwambia kwamba hapo ndipo watu wengi waligundua gitaa linaweza kufanywa mambo ambayo hawakuwa wameyafikiria.

Kwa nini usome habari za albamu ambayo pengine imekuzidi umri? Kwa sababu ndani yake mna swali ambalo wewe, kama unachora, unaimba, unaandika kodi au unashona nguo, utaulizwa siku moja: ufanye kitu unachokipenda hata kama watu hawataki, au ufanye kile watu wanataka? Watchtower walijibu. Na jibu lao liliwagharimu.

Kwanza, huu ni mziki gani?

Tuanze na thrashi. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, vijana wa California na New York walichukua metali ya kawaida, wakaiongezea kasi na hasira. Hapo ndipo walipotoka Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax. Magitaa yanakwaruzwa haraka kama cherehani, dramu zinakimbizana nayo, na mwimbaji anapiga kelele kuhusu vita, serikali na kifo. Ni mziki wa kutoa stimu.

Upande mwingine kulikuwa na roki progresivu, ya watu wanaopenda nyimbo ndefu zinazobadilika kila mara, kama Yes na King Crimson wa Uingereza au Rush wa Canada. Hao ni watu wa kukaa chini na kusikiliza kwa makini, si wa kurukaruka.

Watchtower walichukua hizi mbili wakazisaga pamoja. Kasi ya thrashi, akili ya progresivu. Leo jambo hilo linaonekana la kawaida. Mwaka wa 1985, walipotoa albamu yao ya kwanza, Energetic Disassembly, kupitia lebo ndogo iliyoitwa Zombo, lilikuwa kama mtu kuchanganya chai na supu ya mbuzi. Watu hawakujua wanywe au wale.

Hebu jaribu jambo dogo. Ukiwa unatembea, tuseme unashuka Moi Avenue kuelekea stejini, hesabu hatua zako: moja, mbili, tatu, nne, kisha anza tena moja. Utaona kwamba kila ukisema “moja” unakanyaga kwa mguu ule ule. Karibu kila wimbo unaoupenda, uwe wa benga, gengetone, injili au Amapiano, unahesabika hivyo. Ndiyo maana mwili unajua kucheza bila kufundishwa.

Sasa hesabu hadi saba. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, kisha moja tena. Umeona? “Moja” imehamia mguu mwingine. Ukirudia, inarudi mguu wa kwanza. Mwili unaanza kuchanganyikiwa kidogo. Basi fikiria bendi nzima inahesabu saba, halafu bila kukuonya inaingia tano, kisha nne, kisha inarudi saba, na yote haya kwa kasi ya mtu anayekimbiza basi la mwisho. Hiyo ndiyo Watchtower. Hawakosei hata mguu mmoja. Ni wewe unayejikwaa.

Nusu ya nyumba inaondoka

Wasanii husema albamu ya kwanza unaiandika maisha yako yote, na ya pili unapewa miezi michache tu. Wengi huanguka hapo. Hadithi zote za ujana zimekwisha, pesa zimeliwa, na mashabiki wanataka kile kile cha kwanza lakini kipya.

Kwa Watchtower tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Mpiga gitaa wao, Billy White, aliondoka. Baadaye alionekana kwenye bendi ya Don Dokken, msanii wa roki aliyekuwa na jina kubwa. Kisha mwimbaji, Jason McMaster, naye akaondoka kwenda kwenye bendi nyingine ya Texas iliyoitwa Dangerous Toys.

Na hapa usimhukumu haraka. Dangerous Toys walipiga roki ya kuimbika, ya vibwagizo na nywele ndefu, ile ambayo televisheni za Marekani zilikuwa zinaipenda wakati huo. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1989 chini ya Columbia, moja ya lebo kubwa kabisa duniani, na hatimaye ikapewa cheti cha dhahabu Marekani, cheti cha nakala 500,000. Wewe ungefanya nini? Una sauti, una njaa, na mlango umefunguliwa. McMaster alipita. Hakuiba mtu, hakusaliti mtu. Alichagua.

Waliobaki ni wawili: Doug Keyser kwenye gitaa la besi na Rick Colaluca kwenye dramu. Bendi nyingi zingekufa hapo, au zingesema, “Kumbe pesa ziko huko, na sisi tulegeze kidogo.” Hawa wawili walifanya kinyume. Walitafuta watu ambao wangeufanya mziki uwe mgumu zaidi.

Wa kwanza alikuwa Ron Jarzombek, mpiga gitaa wa San Antonio, ambaye alikuwa amepitia bendi ya S.A. Slayer. Ron ni mtu wa namna yake. Miaka baadaye, akiwa na ndugu yake Bobby anayepiga dramu katika bendi ya Spastic Ink, aliandika kipande kinachofuata sehemu ya katuni ya Bambi, ambapo vyombo vinafuata kila wanyama wanaporuka na kuteleza. Mtu wa aina hiyo haogopi hesabu.

Wa pili alikuwa Alan Tecchio, mwimbaji wa bendi ya Hades ya New Jersey, mwenye sauti ya juu inayoweza kupasua gilasi. Kwa hiyo nusu ya bendi ikawa mpya, na kazi ikaanza.

Berlin kabla ya ukuta kuanguka

Lebo iliyowachukua iliitwa Noise, yenye makao jijini Berlin, Ujerumani. Ndiyo iliyokuwa imelea Kreator, Helloween, Celtic Frost na Coroner. Vijana wa Texas wakapanda ndege wakaenda kurekodi Berlin Magharibi mwaka huo wa 1989, katika studio ya Sky Trak.

Jiweke hapo. Berlin Magharibi wakati huo ilikuwa kisiwa. Pande zote imezungukwa na ukuta uliojengwa tangu 1961, na ng'ambo ya ukuta ni Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, yenye askari na bunduki. Dunia imegawanyika mara mbili, kila upande una makombora ya nyuklia yaliyolenga upande wa pili. Novemba 9 mwaka huo huo ukuta ulianguka, lakini wao walikuwa wameshamaliza kurekodi. Kwa hivyo unachosikia ni sauti ya watu walio ndani ya jiji lililofungwa, wasiojua kwamba kufuli linakaribia kufunguka.

Angalia majina ya nyimbo zake nane. Ya kwanza ni Instruments of Random Murder, vyombo vya mauaji ya kiholela. Kuna The Eldritch, kuna The Fall of Reason, yaani kuanguka kwa akili. Kuna Control and Resistance yenyewe, Hidden Instincts, Life Cycles na Dangerous Toy. Hakuna hata moja ya “baby nakupenda.” Ni albamu ya watu wanaosoma magazeti na kukosa usingizi.

Lakini ukitaka kuanza na moja tu, anza na Mayday in Kiev.

Siku ya Leba yenye sumu

Aprili 26, 1986, usiku wa manane ukiwa umeshapita, mtambo nambari 4 wa kituo cha nyuklia cha Chernobyl, katika Ukraine ya enzi za Kisovieti, ulilipuka. Sumu ya mionzi ikapanda angani. Mji wa karibu, Pripyat, ulikuwa na watu wapatao 49,000. Watoto walicheza nje, watu wakafanya harusi, na hawakuondolewa mpaka siku iliyofuata, alasiri. Serikali ya Kisovieti ilinyamaza. Ni mpaka vifaa vya kituo cha nyuklia cha Forsmark, kule Sweden, vilipogundua mionzi ndipo taarifa fupi ilisomwa kwenye televisheni ya Moscow, Aprili 28 jioni.

Kisha ikafika Mei mosi. Unajua sherehe za Leba: hotuba, gwaride, vyama vya wafanyakazi, wakubwa jukwaani. Katika Umoja wa Kisovieti hiyo ilikuwa siku kubwa mno. Na jijini Kiev, umbali wa kilomita kama 100 hivi kutoka kwa ule mtambo, gwaride liliendelea. Watu walitoka barabarani, watoto wakiwa na maua na bendera, upepo ukivuma kutoka upande wa mtambo. Waliojua hawakusema. Waliokuwa barabarani hawakujua.

Sasa cheki jinsi jina la wimbo lilivyo na makali. “Mayday” ni Siku ya Leba. Lakini pia ndiyo neno ambalo rubani hulisema redioni ndege inapoanguka, likirudiwa mara tatu, kuomba msaada. Neno moja, sherehe na kilio pamoja. Na mziki nao hautulii. Magitaa yanabadilika kabla hujazoea, dramu zinakata pale usipotarajia. Kwa bendi nyingine hiyo mitego ya hesabu ingekuwa kujionyesha tu. Hapa ina maana. Ndivyo mwili unavyohisi ukiwa mahali ambapo ardhi haiaminiki na mtu yeyote hakwambii ukweli.

Na hilo haliko mbali nasi. Wewe ni wa kizazi kilichokua na simu mkononi. Unajua tofauti kati ya taarifa inayotolewa na mkubwa kwenye jukwaa na video inayozunguka WhatsApp saa hiyo hiyo. Unajua jinsi “hali imedhibitiwa” inavyosikika wakati moshi bado unaonekana. Neno hilo, udhibiti, ndilo wameliweka kwenye jalada. Na kando yake wakaliweka lingine, ukaidi.

Si tamu, na haijaribu kuwa

Ukweli usemwe: albamu hii ina mambo ya kukera. Sauti ya Tecchio ni kali na ya juu, na wapo wanaoizima baada ya dakika mbili na hawarudi tena. Vibwagizo vya kuimba pamoja ni haba. Huwezi kuikumbuka bafuni. Wakati mwingine unatamani wangepumzika kidogo, wakaacha wimbo ukapumua, lakini wapi. Ni kama kukaa meza moja na mtu mwenye akili nyingi anayeongea bila kumeza mate.

Kinachookoa yote ni besi na dramu. Katika nyimbo nyingi za metali, gitaa la besi hufichwa chini ya magitaa mengine mpaka hulisikii. Hapa Keyser yuko mbele, anatembea, anabishana na gitaa, mara nyingine anamwacha Ron nyuma. Ukipenda besi ya benga, ile inayozungumza badala ya kusindikiza, utamwelewa haraka kuliko unavyodhani. Na Colaluca anazipiga dramu kwa wepesi wa mtu wa jazi, si kwa nguvu za kubomoa ukuta. Hawa ndio wawili waliobaki nyumbani wengine walipoondoka, na unasikia kwamba wamepiga pamoja miaka mingi. Wanamalizia sentensi za mwenzao.

Bili ilipofika

Ungependa niseme kwamba baada ya hapo dunia iliwashangilia. Haikuwa hivyo. Albamu ilisifiwa na waliojua, na wengine wengi hawakuisikia. Tecchio aliondoka. Kisha balaa lililo baya kuliko yote kwa mpiga gitaa likamfika Ron Jarzombek: mkono wake ulipata matatizo, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na akakaa miaka bila kuweza kupiga alivyokuwa akipiga. Albamu ya tatu, ambayo tayari walikuwa wameipa jina la Mathematics, ikabaki hewani.

Ilibaki hewani kwa muda gani? Mwaka wa 2010 walitoa wimbo mmoja, The Size of Matter. Mwaka wa 2016 wakatoa kazi fupi yenye nyimbo tano, Concepts of Math: Book One, Tecchio akiwa amerudi kwenye maikrofoni. Toka 1989 hadi 2016 ni miaka 27. Kuna mtu alizaliwa albamu ya pili ilipotoka, akasoma, akahitimu, akapata kazi na kuifuta, kabla ya wao kutoa mzigo mwingine wa maana.

Lakini katika hiyo miaka 27, mbegu zilikuwa zinaota kwa mashamba ya wengine. Bendi kama Dream Theater, Cynic na Atheist zilipanua njia ambayo Watchtower walikuwa wameichimba, na wanamuziki wa aina hiyo hawakosi kuwataja. Dream Theater walijaza kumbi kubwa duniani kote. Waliochimba njia walirudi kwenye kazi za kawaida na kufundisha mkono upya.

Je, hiyo ni haki? Hapana. Je, ilikuwa hasara? Hapo sasa inategemea unapima nini. McMaster alipata dhahabu yake, na alistahili, kwa sababu kuandika wimbo ambao watu elfu wataimba pamoja pia ni kazi ngumu. Keyser na Colaluca walipata kitu kingine: rekodi ambayo miaka zaidi ya 30 baadaye bado inachambuliwa na watu waliozaliwa baada yake, wakijaribu kuhesabu kilichotokea.

Tatizo ni pale mtu anapochagua njia moja huku akitarajia malipo ya nyingine. Ukifanya kitu kigumu kisichoeleweka, usishangae ukumbi ukiwa nusu. Ukifanya cha kupendwa na wengi, usilalamike kwamba wachambuzi hawakuheshimu. Watchtower walijua mapema duka lao ni la wateja wachache. Wakalifungua hata hivyo, na wakahakikisha bidhaa haina kasoro.

Hata hapa kwetu tunawajua wa aina hiyo. Duma, wawili kutoka Nairobi, walitoa albamu yao ya metali kali mwaka wa 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na habari zao zikasomwa Ulaya kabla majirani zao wengi hawajajua kwamba wapo. Kwa hivyo anayekwambia huu ni mziki wa Wazungu peke yao hajatembea mtaani vizuri.

Jinsi ya kuisikiliza

Usiiweke ukiwa unaosha vyombo. Washa bando, vaa iafoni, tafuta Mayday in Kiev kwenye YouTube, na fanya hivi. Mara ya kwanza usijaribu kuelewa, acha ikupige. Mara ya pili fuata besi peke yake, kama unavyomfuata rafiki kwenye umati wa Gikomba, usimwache akupotee. Mara ya tatu jaribu kuhesabu. Utapotea. Anza upya.

Ukifika mara ya nne, kuna mahali utagundua mguu wako umeanza kugonga sakafu kwa namna usiyoijua, na kwa sekunde chache utakuwa ndani, pamoja nao. Kama haikubambi hata baada ya hapo, si deni, rudi kwa playlist yako na hakuna atakayekulaumu. Nyimbo zote nane haziishi hata dakika 45. Mechi ya mpira hukuchukulia zaidi ya hapo, na mara nyingine hata bao halifungwi.